Kuna Mtu Chooni

Yoniel Tormenta, staa mwenye wafuasi milioni kumi na mbili, alibanwa na tumbo Jumatano saa tisa alasiri, katikati ya kichochoro chetu cha Los Mina, akiwa amevaa suruali nyeupe. Suruali nyeupe, jamani! Alikuwa anarekodi video juu ya boneti ya gari jeusi, wachezaji wanane nyuma yake, mtaa mzima juu ya mapaa na simu hewani. Mara akanyamaza katikati ya mstari. Akashuka. Akatembea kwanza kama mtu mwenye heshima zake, halafu akakimbia.

Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa Doña Eufemia.

Bibi huyu ana miaka sabini na minne. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki anamenya mbaazi, wala hakuwa na habari na video. Muziki wa siku hizi anausikia kama mtu anavyosikia jenereta ya jirani.

"Baraka, Doña," Yoniel akasema, maana hata staa amelelewa, na kwetu huingii kwa mtu mzima bila kuomba baraka. "Choo kiko wapi?"

"Mungu akubariki, mwanangu." Akamwonyesha kwa midomo, kule nyuma, mlango wa bati wenye komeo.

Dakika tisa. Watu walihesabu. Akatoka rangi imemrudia usoni, akambusu bibi kwenye paji la uso, "Umeniokoa maisha, Doña," akaondoka. Maji hakumwaga.

Labda hakujua. Kwetu maji ya bomba yanakuja Jumanne na Jumamosi, yakikumbuka. Siku nyingine choo kinaenda kwa ndoo, na huko anakoishi Yoniel sasa, ndoo nadhani wanapandia maua. Doña Eufemia akaingia, akaangalia, akasema, "Yesu wangu," akachota maji kwenye pipa, akamwaga. Kama ambavyo angemmwagia mtu yeyote. Akarudi kwenye mbaazi zake.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kumwaga.

Mjukuu wake Yuleisi alifika mbio kutoka saluni, nusu ya kichwa imenyooshwa, nusu bado ina rola. Ana miaka kumi na saba, na ndiye anayeendesha ukurasa wa mashabiki unaoitwa Mabinti wa Tormenta, watu elfu sita. Miaka mitatu kila asubuhi aliposti picha ya Yoniel na maneno "umeamkaje mume wangu", na mume hakuwahi kujibu hata nukta.

"Bibi! Alikuwa hapa? Humu ndani? Alikaa wapi?"

"Mtu akienda chooni anakaa wapi?"

Yuleisi akajishika mdomo. Akaingia kwa kunyata, kama anaenda kukomunika. Choo kilikuwa kilekile cha siku zote: kifuniko kimevalishwa kitambaa cha pinki alichofuma bibi mwenyewe, zulia dogo la pinki, ndoo, kipande cha sabuni.

"Bibi." Sauti ikatoka nyembamba. "Ulimwaga?"

"Nilimwaga nini?"

"Bibi, ulimwaga!"

"Sasa ulitaka nikuwekee?"

*

Picha ya choo iliingia mtandaoni saa kumi na nusu. Yuleisi aliandika: "Hapa alikaa." Basi, hayo tu. Saa kumi na mbili ilikuwa na laiki elfu tisa. Saa mbili usiku Yoniel mwenyewe akaweka komenti: moyo mwekundu, na "Asante Doña wa Los Mina, hicho ni kiti cha enzi." Yuleisi alipiga ukelele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia.

Asubuhi kulikuwa na watu kumi na wanne mlangoni. Wasichana wa shule na sare zao. Mama mmoja na mtoto mgongoni. Jamaa mmoja alitoka San Cristóbal kwa basi mbili, amevaa fulana yenye uso wa Yoniel, anauliza kwa adabu kabisa kama anaweza kugusa.

Baba yake Yuleisi, Radhamés, ni dereva wa bodaboda. Mwanzoni alikasirika. "Hii ni nyumba ya watu! Mama yangu amevaa gauni la kulalia!" Jamaa wa San Cristóbal akatoa noti ya peso mia. Radhamés akaiangalia. Akaangalia pikipiki yake, ambayo tairi la nyuma lilikuwa limebaki uzi tu.

"Usikae kabla sijafunika kifuniko," akasema.

Kabla ya saa tatu bei ilikuwa inajulikana: hamsini kupiga picha kutoka mlangoni, mia kukaa na nguo zako. Kukitumia, marufuku. Radhamés akafunga kamba ya kufungia mizigo toka bawaba hadi msumari, na Yuleisi akabandika karatasi: "Tafadhali heshimu mahali hapa."

Doña Eufemia anameza kila asubuhi kidonge cha presha, kile kinachotoa maji mwilini. Kikishuka, ana robo saa. Alhamisi ile kilishuka saa tatu. Akanyanyuka, akaenda nyuma, akakuta kamba, foleni, na msichana mmoja amekaa juu ya kitambaa chake cha pinki anaibinulia simu midomo.

"Mama, subiri kidogo," Radhamés akamnong'oneza. "Huyu ameshalipa."

"Kidonge hakijalipwa, Radhamés."

"Si uende hapo kwa Doña Mencía? Wiki moja tu, Mama. Tairi, bili ya umeme, halafu tunafunga biashara."

Kwa Doña Mencía! Ukisema hivyo mtaani kwetu watu wanatafuta pa kujificha. Iko hivi: Kwaresima kila nyumba inapika maharage matamu, yale ya maziwa na zabibu kavu, na kila nyumba inampelekea jirani, na bakuli la mtu halirudi tupu. Miaka kumi na moja iliyopita Doña Eufemia alimpelekea Mencía bakuli lake zuri, lenye maua ya bluu, la marehemu mama yake. Halikurudi tupu, halikurudi limejaa. Halikurudi. Mencía anaapa kwa Bikira kuwa alilirudisha. Tangu hapo wanapishana kichochoroni kama magari mawili kwenye daraja la gari moja.

Bibi akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akatumia ndoo ya kufulia. Nje ya dirisha foleni ilikuwa inaimba nyimbo za Yoniel. Ukuta wa mbao hauzuii sauti. Mtu mmoja alicheka.

Jioni mkewe Radhamés, Nereida, ambaye analala kwa matajiri siku sita anawafulia na kuwapikia, alipiga simu ya video.

"Nimeona choo changu kwenye simu ya bosi," akasema. "Na mama anakojoa wapi?"

"Haloo? Haloo? Mtandao huku unasumbua," Radhamés akajibu, akakata.

*

Ijumaa kidonge kiliingia na kasi nyingine. Ndoo ya kufulia ilikuwa na nguo za Yuleisi zimelowekwa. Doña Eufemia akasimama katikati ya chumba, akapiga hesabu ya fahari yake na hesabu ya kibofu chake, fahari ikashindwa. Akavuka kichochoro.

Nyumba ya Mencía ni ya kijani, ina ngazi nne. Alipofika ya tatu, Mencía akafungua mlango nusu. Alikuwa amepaka lipstiki. Bila shaka alikuwa anamsubiri tangu Alhamisi.

"Haa! Malkia wa choo! Leo umepotea njia?"

"Naomba kujisaidia, Mencía."

"Karibu sana. Ila ndoo hujabeba? Maji yangu ni ya kununua, unajua."

"Nitaleta baadaye."

"Na karatasi? Kwangu hakujawahi kukaa staa, mimi sina karatasi za wageni. Hebu niambie kwanza, ni kweli mnapata elfu tano kwa siku? Watu wanasema…"

"Mencía. Tafadhali."

"Nauliza tu, jirani. Sisi si ni majirani?"

Mencía akafungua mlango wote. Lakini robo saa ilikuwa imekwisha. Doña Eufemia aliangalia chini, kwenye ngazi ya tatu. Mencía naye akaangalia chini, na lipstiki ikabaki peke yake usoni, haina wa kuivaa.

"Ingia nikupe kanga," Mencía akasema, sauti nyingine kabisa.

Bibi alishageuka. Gauni lile alilifua mwenyewe alfajiri ya kesho yake, akalianika nyuma ya shuka ili lisionekane.

*

Huko mtandaoni, mambo yalikuwa yamegeuka. Jamaa wa San Cristóbal aliandika kuwa amesikia kwa masikio yake bibi mwenyewe ndiye aliyemwaga. Ilikuwa kama kumwaga petroli. Mmoja wa Kolombia: "Huyo bibi hana roho." Mwingine wa Chile: "Angefikiria na wengine." Mwanamke mmoja, mtu mzima, mwalimu, picha yake yuko na vyeti: "Kizazi chao kimetuharibia kila kitu." Kufika Ijumaa usiku alikuwa na jina, Bibi Ndoo, na kuna mtu alikuwa ametengeneza wimbo.

Yuleisi akaja na simu imetangulia mbele.

"Bibi, sema tu samahani. Watu wanajitoa kwenye ukurasa wangu. Mia nne tangu mchana!"

"Samahani kwa nani?"

"Kwa mashabiki."

"Wamefanyiwa nini?"

"Bibi, wameumia!"

Doña Eufemia akaivuta miwani, akaiangalia simu kama anavyomwangalia mtu anayemuuzia samaki wa jana.

"Mimi Eufemia Reynoso," akasema, "nimemwagia maji watoto saba, mama mkwe, na mume mgonjwa miaka minne. Hakuna hata mmoja aliyerudi kunidai. Kama kuna mtu alikitaka, angewahi."

Watu milioni mbili waliangalia video ile. Nusu walicheka, nusu walitaka afungwe.

Na hapo ndipo ofisi ya Yoniel ilipoamka. Jumamosi mchana alikuja msichana wa ofisini, miwani nyeusi, simu mbili, viatu ambavyo havikuwahi kuona kichochoro. Akapiga picha choo pande zote. Akasema Yoniel ameguswa sana, atakuja Jumapili mwenyewe, laivu, akae tena kwenye kiti chake cha enzi. Halafu choo kibaki "katika hali yake" kwa mwezi mmoja, mpaka video itoke. Kisiguswe, kisitumiwe, kisisogezwe. Peso elfu thelathini.

Radhamés alisaini juu ya siti ya pikipiki. Sahihi yake ilitoka imepinda kwa furaha. Majirani wakapiga makofi, Yuleisi akalia, mtu akafungua bia.

"Mwezi?" bibi akauliza.

Hakuna aliyemsikia. Akauliza tena. Radhamés akamkumbatia akamwambia, "Mama, tumetoka!" Yeye akaangalia juu ya bega la mwanawe, kwenye kamba ya nguo, pale shuka ilipokuwa imepeperushwa na upepo na gauni linaonekana na mtaa wote.

*

Jumapili Doña Eufemia aliamka mapema. Akameza kidonge. Akanywa kahawa vikombe vitatu, wakati daktari alimruhusu nusu. Akachukua beseni la mbaazi na kisu cha jikoni, akakata kamba, akaingia chooni, akatia komeo.

Yoniel alifika saa tano, magari matatu, suruali nyeupe nyingine. Mtaa ulikuwa umepika tangu alfajiri, na kila aliyepika alitaka staa apigwe picha anakula chakula chake yeye. Ukikataa cha mmoja umeliwa kwenye komenti. Basi akala. Soseji za kukaanga, supu nzito ya nyama saba, mkate wa kukaanga, tena soseji, ndizi, glasi mbili za juisi ya pesheni na maziwa. Simu kumi na tano, midomo kumi na tano, kila mmoja "hata kidogo tu, mfalme wangu".

Akapenya mpaka mlango wa bati. Yuleisi mbele yake anarudi kinyumenyume na laivu, watu laki nne wanaangalia.

"Doña wangu!" Yoniel akaita, meno yote yako kwa kamera. "Nimerudi!"

Kisha mbaazi zikasikika zinadondoka kwenye beseni. Ta. Ta. Ta.

"Kuna mtu," sauti ikasema.

Watu wakacheka. Yoniel akacheka. Akagonga tena.

"Doña, ni mimi. Yoniel!"

"Yoniel wa nani?"

"Tormenta!" Kwetu neno hilo ni dhoruba.

"Hata ungekuwa kimbunga chenyewe. Kuna mtu."

Radhamés akajipenyeza, jasho linamtiririka. "Mama, tafadhali, toka. Nimesaini!"

"Wewe umesaini. Mimi nimekaa."

Msichana wa ofisini akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Anatoka saa ngapi huyu?"

"Mwezi mmoja," sauti ikajibu. "Si ndivyo mlivyoandika?"

Komenti zilikuwa zinapanda mpaka hazisomeki. Yuleisi akaweka mdomo kwenye bati, lakini simu aliacha juu.

"Bibi, unaniaibisha. Mbele ya watu laki nne!"

Mbaazi zikanyamaza.

"Mimi juzi nimeaibika kwenye ngazi za Mencía, Yuleisi. Mbele ya mtu mmoja tu. Ukitaka tubadilishane."

Yuleisi hakujua. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Mkono wake ukashuka taratibu, na kwa nusu dakika watu laki nne wa Amerika yote waliangalia sakafu ya saruji na ndala moja.

Ndipo tumbo la Yoniel likasema neno.

Sisi tuliokuwa karibu tulilisikia. Aliegemea mlango, mkono mmoja kiunoni, meno yakarudi ndani. Akaongea kwa sauti ndogo ambayo haimo kwenye wimbo wake hata mmoja.

"Doña… baraka, Doña. Nimebanwa. Kweli kweli."

"Mungu akubariki, mwanangu." Ta. Ta. "Leo umekumbuka adabu. Nenda kwa Mencía, nyumba ya kijani. Ndoo ubebe yako."

Alikimbia! Na mtaa mzima ukakimbia nyuma yake, sufuria zikipinduka, watoto wakipiga kelele, "Kwa Mencía! Anaenda kwa Mencía!" Msichana wa ofisini alichana mkataba vipande viwili akiwa anakimbia, viatu mkononi. Yuleisi alisimama kidogo mbele ya mlango wa bati. Halafu na yeye akakimbia. Miaka kumi na saba ni miaka kumi na saba.

Akabaki Radhamés na vipande viwili vya kamba.

Komeo likafunguka. Mama yake akatoka na beseni limejaa, akapita, akarudi na ndoo, akamwaga.

"Saa nane tunakula," akamwambia. "Okota okota hizo soseji walizoangusha, mbwa wasile."

*

Doña Mencía alikuwa na siku tatu za enzi. Alimpokea staa kwa mikono miwili, na safari hii hakumwaga maji, alikuwa amejifunza. Akaweka bei sabini na tano. Akatundika picha ya Yoniel juu ya pipa, akaajiri mpwa wake kushika mlango, asipite wa kujisaidia, hata yeye mwenyewe. Yuleisi alipokwenda kuomba apige picha bure, kwa ujirani, aliambiwa, "Jirani ni sabini."

Harufu, hilo mtaa hauongei. Mashabiki walisema wamesikia waridi.

Alhamisi asubuhi, Doña Eufemia yuko kwenye kiti chake anamenya mbaazi, mlango ukagongwa ingawa ulikuwa wazi. Alikuwa Mencía. Hakuwa na lipstiki. Magoti ameyabana, na mikononi kashika bakuli lenye maua ya bluu, limefunikwa na sahani, linatoa mvuke.

"Baraka, Doña Eufemia," akasema, ingawa wanapishana miaka miwili tu.

Eufemia akaangalia bakuli. Akaangalia magoti.

"Mungu akubariki, Mencía."

"Nimekuletea bakuli lako."

"Miaka kumi na moja."

"Nilikuwa bado naliosha."

Eufemia akalipokea, akafunua sahani. Maharage matamu, na Kwaresima ilishapita zamani. Zabibu kavu, viazi vitamu, na vile vibiskuti vya maziwa vyenye msalaba vinaelea juu. Akachota kwa kijiko, akaonja. Hakuharakisha. Akachota tena. Mencía alisimama mguu huu, akahamia mguu ule, hata tafadhali hakusema.

"Mdalasini umezidi," Eufemia akasema.

"Umezidi, kweli."

"Ijumaa ile mimi uliniuliza kwanza habari za elfu tano."

Mencía akaangalia chini, kwenye sakafu.

Doña Eufemia akanyoosha midomo kuelekea nyuma, mlango wa bati.

"Pita. Ndoo imejaa."

Kisha akakaa, akapakata bakuli la mama yake, akala taratibu, sikio likiwa nyuma. Akasubiri. Maji yakamwagwa, ndoo nzima.